Ile 18 kwenye boksi la gemu si idadi ya michezo

Siku ya pili ya Idi aliingia mzee mmoja dukani kwetu hapa Chake Chake, kamshika mjukuu wake mkono, anataka gemu la mashine ya PS4. Nikamwekea mawili juu ya kaunta. La mpira lina 3 ya kijani kwenye kona ya boksi, jengine lina 18 nyekundu. Mzee akalisukuma la mpira pembeni.

"Hili la michezo mitatu utampa nani? Lete hili la kumi na nane, si bei moja?"

Mimi nilijizuia. Mjukuu ndiye aliyecheka, maana yeye alikuwa anajua.

Nambari ile ni umri wa chini wa mchezaji. Imewekwa na PEGI, mfumo wa Ulaya ulioanza mwaka 2003, na ngazi zake ni 3, 7, 12, 16 na 18. Haihesabu michezo wala haipimi ugumu. Gemu la mpira lina 3 na bado nawaona watu wazima na ndevu zao wakitupa pedi ya kuchezea kwa hasira. Geuza boksi nyuma utakuta na vipicha: ngumi ni mapigano, sindano ni dawa za kulevya, dado ni kamari. Diski za soko la Marekani zina herufi badala ya nambari. E ni ya wote, T ni kuanzia miaka 13, M kuanzia 17. Mzigo wetu unakuja umechanganyika, kwa hivyo usishangae kuona aina zote mbili kwenye rafu moja.

Sasa, kwa nini mwanao karudi nyumbani na pesa yake ya sikukuu mkononi, analalamika kuwa ami wa gemu kamkatalia? Kwa sababu gemu la 18 hatumuuzii mtoto aliyekuja peke yake. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na sisi tumeushika mstari huo huo. Mzazi akija mwenyewe, akaliona boksi, akasema nipe, tunauza. Barua ya "mama kasema nipewe" hatupokei. Tumeshaletewa tatu za hati moja.

Kuna mama alikuja juu kweli kweli. "Pesa yangu ina kasoro gani?" Nikawasha televisheni ya dukani, nikamwekea lile gemu alilokuja kulitaka mwanawe wa miaka 11. Halikumaliza dakika tano, akaomba nizime. Akaondoka na la magari.

Wenzetu wa nje wamevutana sana kwa jambo hili. Uingereza, tangu Julai 2012, mwenye duka akimuuzia mtoto diski ya 12, 16 au 18 kabla hajafika umri huo ni kosa la jinai. Marekani ikaenda kinyume. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2005, faini hadi dola 1,000, na aliyeitia saini ni Gavana Arnold Schwarzenegger (naam, yule yule wa filamu za bunduki). Haikuanza kazi. Wafanyabiashara wa gemu walikwenda mahakamani, na Juni 2011 Mahakama ya Juu ikaifuta kwa majaji saba dhidi ya wawili: gemu lina ulinzi wa uhuru wa kujieleza kama kitabu. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu hiyo, akakumbusha kuwa hata hadithi za watoto za kina Grimm, wale ndugu wa Kijerumani, zimejaa damu. Hapo sikubaliani naye sana. Bibi alinihadithia mazimwi yanayomeza watu, lakini kisu hakunipa mimi nishike.

Kinachonipendeza ni hiki: mwaka huo huo wa 2011 tume ya biashara ya Marekani ilitoa matokeo ya watoto wa miaka 13 hadi 16 waliotumwa madukani kujaribu kununua gemu za M. Waliouziwa ni 13 tu katika kila 100. Maduka yalikuwa yanakataa yenyewe.

Tabu kubwa huku kwetu ni mashine zilizovunjwa kufuli la kiwandani ili zicheze bila diski, zimejazwa gemu arubaini ndani. Boksi hakuna, nambari hakuna, na mzazi anaona jina tu la kizungu. Ukituletea hiyo tunaipitia moja moja mbele yako, usiyoyataka tunayafuta. PS4 ya kawaida ina kufuli lake la umri, ila inatoka kiwandani na nambari ya siri 0000 na kila mtoto wa skuli anaijua. Tunaibadilisha, tunaweka kiwango cha umri unachotaka, halafu tunaziba njia ya kufungua akaunti mpya, maana ndiyo mlango wa uani wanaopitia. Nambari utaibonyeza mwenyewe, sisi tutageuka. Usiweke mwaka aliozaliwa mtoto.

Kazi hiyo haina malipo, hata kama mashine hukununua kwetu. Njoo baina ya adhuhuri na alasiri, watoto wakiwa chuoni, na ubebe waya wake wa umeme, pedi tunazo.