Dakika 20 kwa anga ipi?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu kupiga picha za nyota kwa kamera ya filamu. Nimefurahi kwamba filamu bado inakumbukwa, lakini ushauri wa kuacha shata wazi "dakika 20" utawaharibia wasomaji mikanda. Dakika 20 kwa lenzi ipi, na chini ya anga gani?

Anga lenyewe lina mwanga. Taa za mji, mwezi, vumbi na unyevunyevu vyote huingia kwenye filamu pamoja na nyota. Mwanga huo ukifika kiwango fulani, kila dakika ya ziada huongeza ukungu tu, na nyota hafifu humezwa. Kwa vipimo vya magnitudo, ambavyo namba kubwa humaanisha giza zaidi, anga la 20 hung'aa mara 6 hivi kuliko la 22. Penye giza totoro la 22 pakikuruhusu saa nzima, penye anga la 20 pengine dakika 10 zinatosha, au pungufu, kwa kuwa filamu nyingi huzidi kupoteza usikivu kadiri mwanga unavyokuwa hafifu. Tena ukipunguza tundu la lenzi kutoka f/4 kwenda f/5.6, mwanga wa anga unaofika kwenye filamu hupungua nusu.

Mimi hupiga eneo moja la anga kwa dakika 5, 10, 20 na 40, usiku uleule. Filamu ikishasafishwa, naiweka negativu juu ya taa na kutazama ule mwanya kati ya fremu, ambao haukupata mwanga kabisa. Fremu ambayo anga lake limefanana na mwanya, muda ulikuwa mdogo. Naitafuta ile ambayo anga limeanza kuwa la kijivu, ukingo wa fremu unaonekana bila kukodoa macho, na vinyota vidogo bado vimejitenga. Jibu hilo ni la usiku ule na upande ule: Kilimia, lile kundi la nyota, kikiwa karibu na upeo wa macho hakipewi muda sawa na kikiwa utosini.

Kichujio chekundu husaidia sana kwa mawingu ya hidrojeni, yanayong'aa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 656, mradi filamu yako iuhisi mwanga huo, ila kwa ule utando wa buluu wa Kilimia hakifai hata kidogo.

Naomba basi, mnapochapa picha ya nyota, mtaje filamu, tundu la lenzi, muda na hali ya anga. Bila hayo, hiyo namba ya dakika haimsaidii msomaji.

Msomaji wenu,
Mpiga picha wa filamu