Majibu ya kukariri yanawaponza wasailiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi inayowaumiza watafuta ajira wengi, nayo ni ya kuwapa majibu yaliyokwisha kuandaliwa ili wayakariri kabla ya kwenda kwenye usaili. Kurasa za ajira, vitabu vya mwongozo na hata semina za kulipia huorodhesha maswali yale yale, kama vile "Jieleze kwa ufupi", "Udhaifu wako ni upi?" na "Kwa nini tukuajiri wewe?", kisha huweka jibu chini ya kila swali kana kwamba ni mtihani wa kuchagua herufi. Nimewahi kuwa mjumbe wa majopo ya usaili, na madhara ya desturi hiyo nimeyaona kwa macho yangu.

Kijana anaingia, anasalimia vizuri, anaambiwa ajieleze. Anaanza: "Mimi ni mchapakazi, ninajituma, na ninaweza kufanya kazi katika mazingira magumu." Maneno hayo jopo limeyasikia kwa aliyemtangulia na litayasikia kwa atakayemfuata. Mjumbe mmoja anamwomba, kwa upole kabisa, ataje mfano mmoja wa mazingira magumu aliyowahi kufanyia kazi. Hapo ndipo anaponyamaza. Huenda ndiye aliyefunga hesabu za mwezi peke yake mwenzake alipougua, lakini hakufikiri kwamba jambo hilo linafaa kusemwa, kwa kuwa halikuwamo katika majibu aliyopewa.

Swali la mfano si mtego. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakaonyesha kwamba usaili wenye mpangilio, yaani ule ambao wasailiwa wote huulizwa maswali yale yale yanayohusu kazi yenyewe na majibu yao hupimwa kwa vigezo vilivyowekwa mapema, hubashiri utendaji wa mtu vizuri zaidi kuliko mazungumzo yanayokwenda kila upande. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walikokotoa upya makadirio hayo, na usaili wa aina hiyo ukashika nafasi ya kwanza miongoni mwa njia walizozilinganisha. Ndiyo maana mwajiri makini hutaka kujua ulifanya nini, wala hatosheki na unavyojisifu.

Basi maandalizi yanayofaa huanza miezi mingi kabla ya tangazo la kazi kutoka. Namshauri kila anayefanya kazi, hata ya kujitolea, awe na daftari la kuandika kila juma jambo moja alilolifanya: hali ilikuwaje, yeye alitakiwa afanye nini, alichukua hatua gani na matokeo yakawa nini. "Nilipanga majalada ya wateja kwa namba badala ya majina, malalamiko ya majalada kupotea yakaisha" ni sentensi fupi, lakini ina uzito kuliko sifa kumi. Mwenye daftari la namna hiyo hahitaji kukariri, maana anasimulia yaliyompata. Asiyewahi kuajiriwa naye ana ya kuandika, ikiwa aliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi au kusimamia mradi wa darasa.

Daftari hilo hilo humwonyesha mtu stadi anazozikosa. Achukue matangazo kadhaa ya kazi anayoitamani, atazame ni sifa gani inayojirudia ilhali daftarini mwake haimo, kisha atafute mahali pa kuifanyia mazoezi kwa kazi halisi. Cheti cha mafunzo ni kizuri, lakini jopo litauliza umekitumia kufanya nini.

Kuhusu udhaifu, aseme ule wa kweli usioharibu kazi anayoiomba, na aeleze anavyourekebisha. Lile jibu la "napenda kazi kupita kiasi" halimdanganyi mtu. Akiulizwa kama ana swali, asiseme hana. Aulize kazi yake itapimwa kwa vigezo gani katika miezi ya mwanzo, kwani jibu atakalopewa litamsaidia kuamua kama kazi yenyewe inamfaa.

Wajumbe wa majopo nao wana la kurekebisha. Kumuuliza mwanamke kama ana mpango wa kuolewa au kuzaa, huku mwanamume akiulizwa kuhusu ujuzi wake, ni dhuluma, na hakulisaidii jopo kumpata mtendaji bora.

Kwa hiyo nakuomba, Mhariri, kurasa zako za ajira ziache kuchapisha majibu ya kukariri. Badala yake, waalikeni wasaili waeleze wanachokitafuta nyuma ya kila swali, na waajiriwa wapya wasimulie kazi walizozitolea mifano.

Msomaji wako