Siku ya Tatu, Mpeni Patasi

Barua ya wazi kwa vijana mafundi wa nakshi za mbao, Lamu

Asalaam aleikum wanangu.

Mjumbe wenu aliniletea katiba ya kikundi Jumatatu baada ya Alasiri, akaniomba niisome "kwa baraka tu". Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Ada ya kujiunga ni ya haki, na utaratibu wa mikopo nimeupenda sana. Enzi zetu fundi akiugua alikuwa akiuza vyombo vyake. Kipengele cha nne ndicho kilichoninyima usingizi: mwanachama awe mwenyeji wa Lamu, mzaliwa wa wazazi wa Lamu. Hapo baraka zangu zimekwama. Na kwa kuwa katiba mmeibandika ukutani, kila mpita njia aisome, nami nimeona nijibu hadharani.

Sitawaambia kwamba mji wetu ni mchanganyiko, kwamba pepo za kusi na kaskazi zilituletea Waarabu, Wahindi na Wangazija, wala kwamba waridi na yungiyungi tunazochonga milangoni zimevuka bahari. Hayo watembeza wageni wanayakariri kila asubuhi pale gatini, na wanaoyasikiliza hutikisa kichwa kisha wakaenda kula samaki. Mtu anaweza kuyajua yote hayo na bado akaandika kipengele cha nne.

Hofu yenu naijua. Nimeona ardhi ya bara ikigawiwa watu waliotoka mbali huku wenyeji wengi hawana hati. Niliona bandari inakuja, wavuvi wetu wakilazimika kwenda mahakamani, hadi mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilipofunguliwa Mei 2021, kila barazani swali lilikuwa moja: kazi hizo atapewa nani? Kijana anayeuliza hivyo si mbaguzi. Ameumwa na nyoka, akiona ukuti anashtuka.

Lakini tazameni mnamfungia nani mlango. Mtu wa Ulaya akinunua nyumba kijijini Shela, kesho yake tunamwita jirani, tunamchongea kitanda, tunampelekea halua siku ya Idi. Hakuna aliyemwandikia kipengele. Akija Mgiriama na mfuko wake wa vyombo, au mtoto wa Mpeketoni, mji wa walowezi kule bara, aliyesomea useremala, huyo ndiye tunayemwita "wa kuja". Kwa hiyo si ugeni unaotukera. Tunamwogopa mgeni asiye na pesa, na hilo ni jambo jingine kabisa, tena la aibu.

Sasa nijitaje mimi, maana mtu mzima akiwasema wengine na yeye asijiseme, atakuwa anapiga porojo.

Miaka mingi iliyopita nilimpokea kijana mmoja kutoka upande wa Malindi. Alitaka kujifunza nakshi. Nikampa pa kulala, na kila mchana mke wangu, Mungu amrehemu, alituletea wali sinia moja, tukila pamoja mkono kwa mkono. Nilijiona mkarimu. Watu wakinisifu msikitini. Kijana yule alifagia maranda, akapiga msasa, akapaka mafuta, akabeba mbao kutoka gatini kwa miaka mitatu. Patasi aliishika kwenye vipande vya kutupa tu. Mlango wenyewe, mwimo wa pembeni au mfaa wa katikati, hakuugusa, kwa sababu kila nilipotaka kumpa nilijisemea: huyu ataondoka, ujuzi wa babu zetu utaondoka naye. Nikawapa wanangu na wapwa zangu, ambao wawili kati yao walikuwa hawaipendi kazi hata kidogo. (Mmoja sasa anauza simu. Anafanya vizuri, alhamdulillahi.)

Akaondoka kweli. Nikasema, si mnaona?

Baadaye sana nilikutana naye Malindi, kwenye foleni ya kumwona daktari. Anaendesha tuktuk. Akaniamkia shikamoo kwa heshima, akanipisha kwenye benchi, akaniulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja. Nikamuuliza kama ile kazi bado anaifanya. Akacheka kidogo, akasema, "Fundi, ulinilisha vizuri."

Basi. Hakuongeza neno. Nilirudi Lamu na neno hilo, na hadi leo ninalo.

Sisi watu wa pwani tunajisifu kwa ukarimu, na ni kweli tunao. Lakini ukarimu una hila yake: anayekirimiwa hubaki mgeni. Sinia ni langu, yeye anakula. Leo nikimpa, kesho naweza kumnyima, na yeye analijua hilo. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeigeuza ya kuwachongea wageni, eti ni namna ya kuwaambia waondoke. Mimi sasa naisikia vingine. Huwezi kumpa mtu jembe bila kumwonyesha shamba. Ukimpa jembe umemwambia hapa pana kazi yako, na kitakachoota hapa kina jasho lako.

Mimi ni mtu wa Langoni, upande wa kusini wa mji, nanyi wengi wenu ni wa Langoni. Mnakumbuka wazee wa Mkomani, upande wa kaskazini, waliwaitaje watu wa upande huu? Wageni. Babu wa babu yangu alitoka Siyu, kisiwani Pate, si mbali, ni safari ya mashua, na bado bibi yangu aliitwa mgeni hadi anazeeka. Ni shehe wetu Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, mgeni naye, aliyekaa na watu wa upande huu mwishoni mwa karne ya 19 akawafundisha elimu ambayo wakubwa wa mji waliiona ni yao peke yao. Wapo waliokasirika: kwa nini wana wa watumwa wasomeshwe? Angaliweza kuwapa sadaka tu, na hakuna ambaye angaligombana naye. Yeye aliwapa kitabu. Leo msikiti wake wa Riyadha uko Langoni, na Maulidi ikifika watu wanatoka Afrika Mashariki nzima kuja kwetu. Sisi tuliofunguliwa mlango ule ndio tunaoandika kipengele cha nne.

Jambo la pili ni kicheko. Hili halimo katika katiba yenu, lakini lina madhara kuliko hicho kipengele.

Nilipokuwa skuli niliandika "mato" badala ya macho, na "ndia" badala ya njia, kama tunavyosema Kiamu nyumbani. Mwalimu akanisomea kosa langu mbele ya darasa, wote wakacheka. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekwisha chagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mimi mtoto, mwenye lugha ya mama yangu mdomoni, nikaonekana sijui Kiswahili. Tangu siku ile sikuinua tena mkono darasani. Mngedhani mtu aliyepitia hayo atajifunza. Hata!

Alikuja kijana wa Mpeketoni, miaka michache baada ya 2014, mwaka ule mji wao uliposhambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Baadhi yetu tulimwogopa, naye alituogopa. Siku ya kwanza, badala ya kusema "ubao wangu uko wapi", akauliza, "Mbao yangu iko wapi?" Karakana nzima ikaangua kicheko, na mimi ndiye niliyekianzisha. Wiki ya pili nikamwagiza akate mwimo wa mbambakofi, ule mti mgumu, futi saba na shubiri. Shubiri ya mkono wa nani? Yangu ni ndefu, yake fupi. Hakuuliza. Akakata kwa yake, ubao ukapungua, na mbambakofi mnaijua bei yake. Nikafoka: kwa nini hukuuliza? Akatazama chini. Ndipo nilipojiona mimi mwenyewe, niko darasani, mkono chini ya dawati. Ufundi wetu hauna kitabu. Unajifunza kwa kuuliza. Ukimcheka mtu umemziba mdomo, na ukishamziba mdomo utazilipia mbao mwenyewe.

Nilimwomba radhi. Haikuwa rahisi, nilikuwa na mvi tayari. Baada ya hapo alianza kuuliza, na maswali yake mengine yakanichoma. Siku moja akauliza nawezaje kujua kwamba mlango umenipa faida. Nikamwambia, natoa bei ya mbao, kinachobaki ni changu. Akachukua daftari. Akahesabu msasa, polishi, gundi, umeme, siku tunazongoja mbao zikauke, siku za mvua, mshahara wake, halafu akaniuliza mshahara wangu mimi ni upi. Sikuwa na jibu. Ilitokea kwamba milango midogo, ile niliyoiona ndiyo riziki, nilikuwa nikiiuza kwa hasara tangu sijui lini. Yeye ndiye aliyetuandikia kotesheni ya kwanza, yaani karatasi ya bei, kwa vipimo vya sentimita vilivyochapishwa, na mteja akaacha kutukatia bei kama anayenunua maembe. Mimi nilijua kuchonga tu. Kuuza kazi nilifundishwa na mtoto niliyemcheka.

Sina maana kwamba kila mgeni huja na hazina mfukoni. Wengine wavivu, kama wavivu tulio nao hapahapa. Ukimkubali mtu kwa sababu unatarajia akufae, siku asipokufaa utamtoa, na hapo umerudi kwenye sinia.

Kijana wetu asiyesikia mnamjua. Alipoingia karakanani nilidhani tutamfanyia hisani. Tulijifunza ishara ishirini au thelathini ili tuweze kufanya naye kazi, na sasa randa ya umeme ikinguruma tunaongea sote kwa mikono, hakuna anayepiga kelele hadi sauti ikamkauka. Ila katika mkutano wenu niliambiwa aliketi nyuma bila mtu wa kumtafsiria, kisha mkaandika "wote wamekubali". Alikubali nini? Katiba ya nchi, ile ya 2010, inaitaja lugha ya ishara ya Kenya kuwa ni ya kuendelezwa. Yenu ya kurasa nne imemsahau mtu mliyekaa naye chumba kimoja.

Na binti anayewachorea. Mkono wake ulikomaa kwa hina na piko, na kila mteja anayesema "nakshi hii mpya" anasema juu ya mchoro wake. Mnampa mia tano kwa karatasi, na kwenye orodha ya wanachama jina lake halipo, kwa kuwa eti hachongi. Mpeni ubao. Akishindwa, ashindwe kama mlivyoshindwa ninyi mwaka wa kwanza. Vipande mlivyoharibu bado ninavyo, nimevifanya vigoda.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, maana yupo kati yenu aliyesoma kuliko mimi. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziwaendee watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Mnanung'unika sheria hiyo ikiwaleta wengine Lamu; mwanangu wa tatu ni muuguzi kaunti ya bara, na siku aliyoajiriwa sikumsikia yeyote mtaani akinung'unika.

Anayekuja naye ana wajibu wake, msidhani nimezeeka hadi nimelegea. Ajue wakati wa sala mashine huzimwa. Ajifunze majina ya nakshi kama tulivyoyapokea, asiyabadilishe kwa kuwa ni mepesi kuyauza. Anayetaka kuchukua mchoro akauchapishe kiwandani kwa maelfu, huyo mfukuzeni, hata kama kazaliwa Mkomani na kitovu chake kimezikwa pale. Mkitaka kulinda kazi ya wazee, andikeni hayo: miaka ya kujifunza, mtihani wa mkono mbele ya mafundi watatu, kiapo kuhusu michoro. Hayo yanalinda nakshi. Cheti cha kuzaliwa hakijawahi kuchonga waridi.

Nitakuja Ijumaa baada ya Alasiri. Nataka kipengele cha nne kisomwe kwa sauti, na ishara zipigwe kinaposomwa, halafu kila mmoja aseme babu yake alishuka gati gani. Mtakaobaki mna haki ya kupiga kura, pigeni. Chai yangu msitie sukari, daktari kakataza.

Na mwenye kumjua yule dereva wa tuktuk wa Malindi, aliyekaa kwangu miaka mitatu, amwambie namtafuta. Siku ile kwenye foleni nilishindwa kumwomba namba. Nina patasi sita, mipini yake nilibadilisha mwezi uliopita, na makali nimeyatia mwenyewe.

Fundi wenu mzee,
Langoni, Lamu