Barua kwa vijana mnaotembeza wageni stesheni ya Tanga

Wanangu,

Juzi nilikuwa nimekaa kivulini karibu na stesheni, kikombe cha kahawa mkononi, mmoja wenu akapita na wageni wawili. Nikamsikia: "Reli hii Mjerumani aliijenga haraka haraka mpaka Moshi." Sikumkatiza. Kumuumbua mtu mbele ya wageni wanaomlipa si adabu. Ndiyo maana naandika.

Haraka gani? Kazi ilianza hapa 1893. Muheza ni kilomita 40 tu, lakini reli ilifika huko 1896, na hapo kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikiijenga ikaishiwa fedha. Reli ikalala. Serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Hesabuni: miaka 18. Mgeni ukimwambia hivyo lazima atauliza kwa nini, na utamu uko hapo. Walowezi walitaka kahawa ya milima ya Usambara ishuke bandarini. Kahawa ikawavunja moyo, mkonge ndio ukaja kuwapa mabehewa mzigo.

Na huyo "Mjerumani" wenu hakushika sululu. Walioishika ni Waafrika, Wanyamwezi wakiwemo, watu waliotoka mbali bara kwa miguu. Mashamba nayo yakiwataka vibarua walewale. Wageni hawalisikii hili kwenu hata siku moja.

Halafu vita vya hapa Tanga vya Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani. Nyuki waliowauma askari vitani mnawasimulia vizuri mno, treni mmeisahau! Waingereza walishuka na askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, wakakuta mji karibu mtupu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000, na wengi wa hao aliwashusha kutoka upande wa Moshi kwa reli hii hii. Bila garimoshi, hao nyuki wangemsaidia nini?

Mimi niliingia gengi ya njia, kundi la kutunza reli, 1974, shirika la reli likiwa bado la Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika 1977 tuliamka tukiwa waajiriwa wa Tanzania peke yake, nyundo zilezile mkononi. Kitu nilichojifunza kwanza ni kusikiliza taruma, kile kipande kinacholala kukingama chini ya reli. Njia ya zamani ililazwa juu ya mataruma ya chuma, maana mti huku mchwa angeumaliza. Unaligonga: zima linalia kama kengele, lenye ufa linajibu kizito, kama debe lenye maji. Mzee aliyenifundisha alikuwa akigonga huku anazungumza mambo ya nyumbani kwake, ghafla anasimama, anarudi hatua mbili. Amelisikia.

Wageni waonyesheni vitu kama hivyo. Waambieni wachuchumae, wapanguse kutu ubavuni mwa reli, watakuta herufi zimechomoza kwenye chuma na pengine mwaka kiwanda kilipoitengeneza. Wasimamisheni wawatazame watu wanaovuka reli kutoka Ngamiani kwenda mjini na vikapu vyao. Hapo hamhitaji kutia chumvi.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri nitakuwa palepale kivulini. Vaeni viatu vya kufunika vidole, kokoto za reli zinakata. Na yule wa juzi asione haya kuja, kahawa yake nalipa mimi.

Mzee wenu wa gengi