Anayetoa leseni ya bangi, shemeji yake yuko wapi?

Mhariri,

Tangu Profesa George Wajackoyah aipigie kampeni bangi alipowania urais wa Kenya mwaka 2022, baraza letu la kahawa hapa Majengo halijatulia. Wapo wanaotaka ihalalishwe iuzwe nje ilete dola, wapo wanaoomba Mungu aepushe. Hilo nawaachia. Langu ni moja: siku ikihalalishwa, leseni atatoa nani, na nani wa nyumbani kwake atakuwa kwenye foleni ya kuiomba?

Wenzetu Marekani wamejikwaa papo hapo. Jimbo la Michigan lilimweka Rick Johnson, aliyepata kuwa Spika wa bunge la jimbo, aongoze bodi ya leseni za bangi ya matibabu mwaka 2017. Akala hongo ya zaidi ya dola 110,000 kutoka kwa watu waliozitaka leseni hizo, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha miezi 55. Kule Massachusetts, meya wa Fall River, Jasiel Correia, aliwakamua wafanyabiashara wa bangi ili awaandikie barua ya kusema mji hauipingi biashara yao. Naye akafungwa. Barua tu, jamani! Aliyewahi kuzungushwa na muhuri hapa mjini hatashangaa.

Alaska ndiyo imenifikirisha. Bodi yao ina watu 5, na kiti kimoja ni cha mtu aliyemo kwenye biashara yenyewe. Kesi ya nyani kumpa ngedere, utasema. Lakini huyo angalau anajulikana, akifungua mdomo kila mtu anajua anatetea tumbo gani. Mimi namwogopa aliyejificha.

Nina sababu. Nilifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini miaka mingi. Kulikuwa na kampuni moja ambayo karatasi zake zilipita kabla ya adhuhuri, zetu zikilala wiki nzima na kontena likihesabiwa ada kila siku. Tukadhani wenzetu ni hodari. Kumbe mwenye kampuni alikuwa amemwoa dada wa bwana aliyekuwa akizipitisha. Jina la bwana huyo halikuonekana kwenye karatasi hata moja.

Kwa hiyo nikisikia kwamba tuna Kifungu cha 75 cha Katiba, kinachomkataza afisa wa serikali kuchanganya maslahi yake na kazi ya umma, na Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini Julai 2025, nafurahi, ila nusu. Biashara ya bangi inataka kamba fupi zaidi. Maslahi ya afisa, mkewe au mumewe, ndugu na mashemeji yabandikwe mahali ambapo hata mimi naweza kuyasoma. Ombi la jamaa yake likiletwa, atoke chumbani kabisa, asikae pembeni akikohoa. Na akiacha kazi, asivuke barabara kesho yake akaajiriwa na aliyempa leseni jana.

Wala tusingoje bangi. Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ni halali tayari. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku kaunti hii, Ikulu ikasema amri haina nguvu, mahakama ya Embu ikaisimamisha. Katika kelele zote zile, za wakubwa wa bara na wa pwani, sikusikia mmoja akiulizwa: mheshimiwa, una shamba? Una lori? Tuanzie hapo.

Mzee wa klaringi,
Majengo, Mombasa