Wasichana wanaojinyima chakula

Mhariri,

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana hapa Iringa. Nawaona mabinti wanaomega ugali tonge mbili, maharage wanawaachia wenzao, kisha wanakwenda chooni kujitapisha. Jua la mchana linawakuta na sweta mbili, wakihisi baridi. Na wenzao wanawasifu kwa kupungua! Naumia sana, maana huo ni ugonjwa, siyo maringo wala mapepo. Hedhi hukatika, meno huliwa na asidi ya tumbo, na kutapika mara kwa mara hupunguza madini ya potasiamu mwilini hadi mapigo ya moyo yakavurugika.

Wazazi, likizoni msimwambie binti "umenenepa" mbele ya wageni. Walimu, anayekwepa bwalo msimchape. Zungumzeni naye faragha, mpelekeni hospitali mapema.

Matroni,
Iringa