Wanangu mnaoandika, hiyo "kuweza" ya nini?

Wanangu,

Nimemaliza kusoma rasimu mlizoniletea. Hoja mnazo, na baadhi yenu mna sikio zuri la lugha. Lakini nilichoka njiani, na si uzee peke yake ulionichosha. Katika rasimu moja, ukurasa wa kwanza tu, nilihesabu "kuweza" 11. Aliweza kufika, akaweza kuketi, tukaweza kuzungumza. Kwani alikuwa mgonjwa? Kama alifika, semeni alifika. "Aliweza kufika" muiweke akiba kwa siku ambayo njia imekatika na hakuna aliyemtarajia.

Tazameni sentensi hii, niliyoigeuza kidogo ili mwenyewe asione haya: "Kwa kweli napenda kuchukua nafasi hii kusema kwamba suala zima la uandishi ni suala ambalo kimsingi linahitaji mtu kuweza kuwa na uvumilivu." Maneno 22. "Kuchukua nafasi hii" ni ya aliyeshika kipaza sauti. Msomaji hajakunyima nafasi. "Kwa kweli" inamtia shaka kuhusu yote uliyosema kabla. "Suala zima", kwani lipo suala nusu? (Na anayeandika "swala zima" ameniingizia mnyama wa porini kwenye aya.) Pepeta makapi yote, zinabaki punje tatu: "Uandishi unahitaji uvumilivu."

Hapo sasa ndipo aibu inapojitokeza. Sentensi haikuwa na jipya lolote. Kila mtu analijua hilo. Yale maneno 19 yalikuwa yameusitiri utupu wake, na nadhani ndiyo sababu tunayapenda. Ukishayafuta, unalazimika kujiuliza: uvumilivu wa nini hasa? Wa kuandika aya ileile mara sita? Wa kukaa na ukurasa mtupu asubuhi nzima? Jibu lako ndilo lililopaswa kuandikwa.

Siwalaumu. Katika mazungumzo, "yaani" na "kwa hiyo" hutupa pumzi tukitafuta neno linalofuata, na anayetusikiliza anatuona usoni. Mkiandika, pumzi hiyo mmeshaivuta kabla msomaji hajafika.

Tena Kiswahili chetu kimetupa kitenzi chenye mgongo imara. "Tuliowapokea" ni neno moja, na ndani yake tumo sisi, wamo wao, umo wakati uliopita, umo urejeshi (ile -o- inayosimama badala ya "ambao"), na tendo lenyewe. Kwa nini basi "watu ambao sisi tuliwapokea"? Amba- ina mahali pake: "aliyefika" tunayo, lakini kwa -me- hatuna budi kusema "ambaye amefika". Pasipo na ulazima huo, iacheni amba- ipumzike. Vivyo hivyo mapacha kama "lakini hata hivyo" na "kama vile kwa mfano": chagueni mmoja.

Nilipokuwa na umri wenu, mhariri mmoja alinirudishia makala akiwa hajaandika neno hata moja pembeni. Alikuwa amezungushia duara "kwa hakika" zangu, zote 9. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu niliisoma makala kwa sauti nikiziruka, na hakuna kilichopungua. Nikapata kiburi kipya, nikaanza kufyeka kila kitu, mpaka hadithi yangu iliyofuata ikasomeka kama telegramu. Msifike huko. "Basi" ya msimuliaji ina mdundo wake, na mhusika mwenye tabia ya kusema "yaani" kila saa, mwacheni nayo. Ndiyo sura yake.

Wala msifute mkiwa bado mnaandika, mtakwama. Rasimu ilale walau usiku mmoja, kisha isomeni kwa sauti. Pale ulimi unaporuka neno wenyewe bila kuagizwa, wekeni alama. Na kila mmoja ana neno lake pendwa asilolisikia tena. Akishalijua, alitafute kwenye kompyuta, aone limejirudia mara ngapi.

Rasimu zenu zinarudi. Sikufuta chochote, nimezungushia duara tu. Futeni wenyewe, kisha mniletee tena. Na wewe mwenye "kuweza" 11, nimekuruhusu ubaki na moja.

Mzee wenu.